Chumba cha Mama Mkwe

Sabina aliutambua mlio wa gari kabla halijakata kona ya shamba la mihogo. Kirikuu cha Lukman kilikuwa kikikohoa kwa adabu, kama mgeni anayetaka wenyeji wajue kwamba yuko mlangoni, na kwa miaka yote ya ndoa yao mlio ule ulimfanya aache alichokuwa akikifanya na kukimbilia kioo. Leo hakuwa na kioo. Alikuwa amechuchumaa kwenye jiko la nje la nyumba ya marehemu mama yake, kichwa kimenyolewa asubuhi ile pamoja na vichwa vya ndugu zake wote, anapeta mchele. Aliinua uso, kisha akauinamisha.

"Amekuja," alisema Hellen, mke wa kaka yake, bila kuacha kukata vitunguu.

"Nani kamwambia kwamba leo tunaanua matanga?"

"Mimi." Hellen alijifuta machozi ya kitunguu kwa kiwiko. "Usinitolee macho, wifi. Mkwe asipokuja siku ya kuanua, watasema amekimbia. Akija, watasema ana uso mkavu. Nikaona bora waseme hilo la pili, angalau na wewe utakuwa umemwona."

Lukman alisimamisha gari nje ya ua wa minyaa. Alishuka, akaufunga mlango taratibu, akasimama pale pale. Shati jeupe ambalo Sabina alimnunulia sokoni Makoroboi lilimning'inia mabegani kama la kuazima. Macho yake yalipita juu ya watu waliokaa chini ya turubai, yakawapita wazee, yakampita Mihayo kaka yake Sabina, yakafika jikoni, yakamkuta. Yalitua kwenye kichwa chake kilichonyolewa. Kwa muda mfupi uso wake ukawa uso wa mtu anayetaka kuivua kofia yake amvike mwingine.

Sabina aliushika ungo kwa nguvu mpaka mchele ukamwagika.

Lukman hakuvuka ua kwa sababu alizijua taratibu. Yeye mtoto wa Mabatini, aliyekulia Mwanza mjini katika nyumba ya mafundi Waislamu ambao babu zao walitoka Tabora na Ujiji na hawakumbuki tena nani alitoka wapi, alizijua taratibu za Wasukuma kuliko vijana wengi waliokaa chini ya turubai lile. Alijua kwamba mkwe halali nyumba moja na mama mkwe. Hamtazami usoni. Hali mbele yake, na mama mkwe naye hali mbele ya mkwe. Akimwona anakuja njiani, anaingia kwenye majani ampishe. Na dada wa mama mkwe naye ni mama mkwe, kwa hiyo na Mama Justa, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, alikuwa amemgeuzia mgongo tangu gari lilipozimwa.

Yote hayo alifundishwa na Sabina. Walifunga ndoa bomani kwa sababu upande wa huku hawakutaka Mwislamu na upande wa kule hawakutaka Mkristo, na ukoo wa Sabina ulisema wazi kwamba kijana wa mjini hatawaweza. Lukman aliamua kwamba atawaweza. Bi Shamsia, mama yake, alisema neno moja tu: "Kwetu sisi mama mkwe ni mama. Unamshika, unambeba, akiugua unamwosha uso. Haya ya kujificha nyuma ya milango mimi siyajui." Sabina alimjibu kwa heshima kwamba kila watu wana yao.

Basi kila mama yake Sabina alipokuja Mwanza kliniki ya sukari, Lukman alibeba godoro lake akaenda kulala karakana, katikati ya mashine za boti alizokuwa akizitengeneza kule Mwaloni, na asubuhi alinuka petroli. Hakulalamika hata mara moja. Wazee wakaanza kumwita Ngosha, yaani mwanaume, jina ambalo hawampi mtu wa kuja hivi hivi. Sabina alijivuna. Alijivuna sana.

"Mwambie huyo mkwe," Mama Justa alisema, kwa sauti iliyofika mpaka zizini, "kama amefuata nyama, asubiri. Ikiiva ataitwa."

Hellen aliweka kisu chini akausogelea ua. "Shemeji, mama anasema kama umefuata nyama, subiri ikiiva utaitwa."

"Mwambie mama shikamoo."

"Anasema shikamoo."

"Nimesikia. Mwambie marahaba. Mwambie salamu haimrudishi dada yangu."

"Marahaba, shemeji. Anasema salamu haimrudishi dada yake." Hellen alimgeukia Sabina na kunong'ona, "Naona leo mimi ndiyo mnara wa simu."

"Mwambie mama najua," Lukman alisema. "Mwambie nimekuja kumfuata mke wangu, kama matanga yameanuliwa. Kama bado, nitasubiri hapa hapa nje."

Kabla Hellen hajafungua kinywa, Mihayo alisimama. Alikuwa mtu wa minada, mnene wa shingo, aliyezoea kuongea juu ya sauti za ng'ombe. Alimwendea Lukman mpaka wakatenganishwa na ua tu.

"Ngosha," alisema, na jina lile la heshima likatoka mdomoni mwake kama tusi. "Unamfuata mke. Hebu kwanza waambie wazee hawa habari za mama. Wengine hawajazisikia kwa mdomo wako."

"Nilishasema hospitali, shemeji. Nikasema msibani."

"Sema tena. Leo ndiyo siku ya kuanua."

Lukman alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Nilikuwa jikoni natengeneza bomba. Nikasikia kishindo chumbani kwa mama. Nikatoka kumtafuta Mama Winnie, jirani yetu. Hakuwepo. Nikapanda mpaka kule madukani, nikampata mama mmoja anauza dagaa, nikaja naye. Yeye akaingia. Tukambeba mpaka hospitali."

"Na mlango wa chumba cha mama ulikuwa umbali gani na wewe?"

"Karibu."

"Karibu kama nini? Kama hapo ulipo na turubai?"

"Kama hapa nilipo na wewe, shemeji."

Chini ya turubai watu walianza kunung'unika.

"Lakini mkwe angeingiaje?" aliuliza mzee mmoja.

"Mtu anakufa, mzee!"

"Leo unasema hivyo. Angeingia akamkuta hajajisitiri, ungesema nini? Si ungetaka alipe ng'ombe?"

"Ng'ombe tungemsamehe!"

"Weee! Wewe usamehe ng'ombe?"

Mtu mmoja alicheka, kisha akakumbuka alipo akanyamaza. Mihayo hakugeuka.

"Mwanaume mzima," alisema, "unasikia mama wa watu ameanguka, unaenda kutafuta muuza dagaa. Ukoo umekaa, Lukman. Sabina harudi. Hatuna ugomvi na wewe, nenda kaoe kwa watu wenye taratibu zenu."

"Sabina amesema harudi?"

"Sabina hajasema kitu tangu tumzike mama."

Hilo lilikuwa kweli. Watu walidhani ni uchungu, wakamwacha.

Siku aliyoanguka mama, asubuhi, Sabina ndiye aliyempigia Lukman karakana. Bomba la jikoni lilivuja usiku kucha na mama alilalamika kwamba tone linamhesabia umri. Wakapanga kama walivyozoea: Lukman aje kabla ya chakula cha mchana, mama abaki chumbani mpaka amalize. Lakini mashine ya mtu ilimchelewesha Mwaloni. Alipofika, mama alikuwa ameshachoma insulini yake na chakula kilikuwa kimefunikwa mezani, jikoni. Mama akasikia kikohozi cha kirikuu akarudi chumbani akafunga mlango.

Kisha akapiga simu. Sabina alikuwa shuleni, amesimama mlangoni mwa darasa, chaki mkononi.

"Huyu bwana bado yuko jikoni," mama alisema kwa sauti ya chini. "Na mimi nimeshachoma."

"Vumilia kidogo, mama. Anamalizia."

Akaizima simu sauti, akaingia kufundisha. Alikuwa mwalimu wa biolojia. Muhula uliopita alitunga mwenyewe swali la mtihani: eleza kitakachompata mgonjwa wa kisukari akichoma insulini asipokula. Jibu alilijua, alilisahihisha darasa zima kwa kalamu nyekundu. Angeweza kumpigia Lukman amwambie atoke nje kidogo, mama ale. Maneno mepesi hayo. Lakini angemwambiaje mume wake kwamba mama amejifungia na njaa kwa ajili yake, yeye aliyekuwa akijitahidi vile? Aliona aibu. Ilikuwa aibu ndogo sana, ya kumezwa pamoja na mate.

Aliuweka ungo chini, akasimama. 

"Kaka. Mama alinipigia simu."

Mihayo aligeuka. "Nini?"

"Siku ile. Kabla hajaanguka. Alinipigia akaniambia ameshachoma dawa na Lukman bado yuko jikoni, kwa hiyo hawezi kutoka kula. Nikamwambia avumilie."

"Avumilie nini?"

"Njaa."

 Hellen alikuwa amesimama na kitunguu mkononi.

"Lukman hakujua kama mama amechoma," Sabina aliendelea. Alizungumza kama anavyozungumza darasani, neno baada ya neno, maana alijua akiharakisha ataanguka. "Mama hakuanguka kwa bahati mbaya. Sukari ilimshuka. Ilimshuka kwa sababu hakula. Hakula kwa sababu chakula kilikuwa jikoni na mkwe alikuwa jikoni. Na mimi nilijua, nikaingia darasani."

"Wewe," Mihayo alisema polepole, "mwalimu wa biolojia."

"Ndiyo, kaka."

"Muda wote huu tunamtukana huyu, wewe upo umekaa."

"Ndiyo."

Alijilazimisha kumtazama mume wake. Alitegemea kuona hasira, na hasira angeibeba. Lukman alikuwa akiitazama kofia yake.

"Kwa hiyo alikuwa na njaa," alisema, kama anamwambia mtu asiyeonekana. "Mimi nilikuwa napiga mluzi. Nilifurahi siku ile, bomba lilikubali. Nikasema ngoja na lile la bafuni niliangalie."

Mgongo wa Mama Justa ulitikisika. Alizungumza bila kugeuka, na safari hii hakumtuma mtu.

"Alikuwa akiniambia. Alikuwa akirudi kutoka Mwanza ananiambia, 'Justa, nikiwa kwa Sabina siku nyingine nashinda na njaa. Yule kijana ana heshima mno, akija kutengeneza kitu haondoki mpaka king'ae.' Tulikuwa tunacheka. Mungu wangu, tulikuwa tunacheka."

Mihayo aliufunika uso kwa kiganja chake kikubwa. Alipokiondoa alikuwa amezeeka. Alimtazama dada yake, akamtazama shemeji yake, akatafuta neno kwa wazee, nao wakawa wanatazama chini.

"Mchukue mkeo," alisema hatimaye. "Mchukue, shemeji. Nilikutukana mbele ya watu, na mbele ya watu naurudisha mdomo wangu. Nendeni sasa hivi, kabla sijapata la kumwambia huyu."

Hellen ndiye aliyeleta begi. Alilitupa nyuma ya kirikuu, akamvuta Sabina kifuani kwake, mikono yake ikinuka vitunguu.

"Nenda kwenu," alimwambia sikioni. "Ukifika Busisi nipigie. Mkishalivuka lile daraja mtakuwa mmeliacha jambo hili huku."

Wakaingia garini. Ndani kulikuwa na harufu ile ile ya petroli na sabuni ya mche, harufu ambayo Sabina, usiku mwingi wa msiba, aliitafuta kwenye khanga alizokuja nazo asiipate. Alitaka kuegemea. Alitaka kuweka kichwa chake kisicho na nywele kwenye lile bega na kulia kilio ambacho hakukilia mazikoni. Lukman aliweka ufunguo, lakini hakuuzungusha.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekuambiaje?"

"Kama ulivyosema sasa hivi."

"Niliogopa ungeniacha."

"Ningekasirika. Kuacha ni kitu kingine."  Kucha zake zilikuwa nyeusi kwa oili, kama siku zote, na kidole gumba kilikuwa kikisugua usukani mahali pamoja. "Sabina, nimekuacha useme yote pale, na mimi nimekaa kimya. Umenisafisha. Kaka yako ameniomba radhi."

"Ulistahili."

"Sikustahili."

Alimgeukia. Lukman alikuwa akitazama mbele, kwenye ua wa minyaa.

"Mlango niliufungua," alisema.

"Mlango gani?"

"Wa mama. Niliposikia kishindo niliita. 'Mama! Mama, mzima?' Kimya. Nikausukuma mlango. Alikuwa chini, ameegemea kitanda. Kitenge kilikuwa kimemtoka. Jasho linamtiririka. Alikuwa macho, Sabina. Alinitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza tunatazamana, mimi na mama yako, tangu nikuoe. Akavuta khanga akajifunika uso, halafu akanifanyia hivi kwa mkono." Lukman aliinua kiganja, akakisukuma taratibu hewani, kama mtu anayefukuza kuku asimkasirishe. "Nifunge."

Sabina alikitazama kile kiganja.

"Nikasema, 'Samahani, mama.' Nikafunga. Ndipo nikaenda kumtafuta Mama Winnie. Niliporudi na yule mama wa dagaa, mkono haukuwa ukinyanyuka tena."

Kichwa cha Sabina kiliendelea kufanya kazi peke yake, kama kilivyofundishwa. Kama alikuwa na uwezo wa kujifunika uso, alikuwa na uwezo wa kumeza. Vijiko viwili vya sukari kwenye kikombe cha maji. Kopo la sukari lilikuwa mezani jikoni, pale pale Lukman alipoweka spana zake. Aliujua mkono ule uliokuwa kwenye usukani kuliko alivyoujua wa kwake. Ulimkanda mgongo, ulimfuta machozi walipopoteza mimba, ulimshika kiuno walipopanda ngazi za bomani. Aliutazama, akaona unafunga mlango.

"Nani anajua?" aliuliza.

"Mimi na yeye. Na sasa wewe."

"Basi usiseme. Washa gari."

"Sabina."

"Wameshaelewa, Lukman. Kaka ameshaturuhusu. Ukiwaambia hilo hawatakuacha utoke na mimi, utakuwa umelianzisha upya. Nyamaza tu, twende nyumbani, tutaliongea sisi wenyewe. Washa."

Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu ule ndio uliomtisha. Ilikuwa sauti ya mtu aliye mlangoni mwa darasa, anayepanga mambo ya watu wengine yapite bila aibu. Hivyo ndivyo alivyompanga mama abaki chumbani, na ndivyo alivyompanga Lukman akalale karakana na mashine zake. Na kila mara aliita hilo heshima.

Lukman hakuwasha. "Ukiniambia tena niwashe, nitawasha," alisema. "Unanijua. Nikiambiwa na nyinyi, nafanya. Ndiyo ugonjwa wangu huo."

Upande wa pili wa ua watu walikuwa wameanza kupakua chakula. Sabina alimwona Hellen akitazama garini, akishangaa kwa nini haliondoki. Alitaka kusema washa. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Akafungua mlango wa upande wake.

"Kaseme," alimwambia. "Nitakuja na wewe."

Lukman alivuka ua wa minyaa kwa mara ya kwanza siku ile. Hakwenda kwenye turubai. Alipita katikati ya wanawake, wakampisha na masufuria yao, akaenda mpaka mlangoni mwa jiko, nyuma ya mgongo wa Mama Justa. Sabina alisimama pembeni yake. Hakumshika, lakini alisimama karibu kiasi cha mabega kugusana.

"Mama," Lukman alisema. "Naomba ugeuke."

"Mwambie huyu..." Mama Justa alianza, kisha akasita. Hellen alikuwa mbali. Polepole, huku kigoda kikilia chini yake, yule mama aligeuka. Alikuwa na pua ya dada yake na macho ya dada yake. Lukman alimtazama usoni.

"Ule mlango niliufungua, mama. Alikuwa bado mzima."

Akaeleza yote, mkono na khanga na samahani. Hakujitetea popote. Mihayo alikuja akasimama, sahani ya pilau mkononi, na haikuwa wazi kama alijua kwamba ameishika. Lukman alipomaliza, Mama Justa alijivuta mbele kwenye kigoda.

"Alikufanyia hivi?" aliuliza, akiinua mkono wake.

"Hivyo hivyo, mama."

"Na wewe ukafunga."

"Nikafunga."

Mama Justa aliutazama mkono wake mwenyewe, ukiwa bado hewani. "Na mimi ningekufukuza hivi hivi," alisema. "Ningekuwa nakufa, ningekufukuza. Nisingejua kufanya kingine." Aliushusha mapajani. "Nenda, baba. Sikulaani. Ila usije tena huku. Nikikuona nitamwona yeye chini pale, na mimi nina usiku wa kulala."

"Ndiyo, mama."

Mihayo hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliweka sahani chini, akaenda mwenyewe mpaka kwenye kirikuu, akalishusha begi la dada yake na kuliweka mchangani, kati ya gari na ua. Hakulirudisha ndani. "Aamue," alisema, bila kumtazama mtu. "Mimi sijui tena kinachokatazwa na kisichokatazwa." Akaondoka kuelekea zizini.

Sabina alimsindikiza mume wake mpaka kwenye gari. Mchana ulikuwa mkali na nzi walikuwa wengi kwa ajili ya nyama. Walisimama wakitazamana kama watu wawili waliokutana kituoni, kila mmoja akidhani anamfahamu mwenzake.

"Unanichukia?" Lukman aliuliza.

"Hapana."

"Utakuja?"

Alikuwa mtu wa majibu ya haraka, wanafunzi wake walimwogopa kwa hilo. Aliutafuta moyoni mwake ule upendo, akaukuta upo, mzima, haujapungua hata kidogo, na palepale kando yake akaukuta ule mkono ukisukuma hewa. Hakuna kimoja kilichomwondoa mwenzake.

"Sijui, Lukman."

"Sawa." Alitikisa kichwa mara kadhaa. Alinyanyua mkono kama anataka kugusa kichwa chake kilichonyolewa, akaurudisha. Alipanda, akawasha, kirikuu kikakohoa. Kisha akainama dirishani.

"Chumba cha mama kule nyumbani hakina mlango tena," alisema. "Niliung'oa siku niliyorudi kutoka mazikoni, na bawaba zake. Na wa jikoni. Nimebakiza wa nje tu, kwa ajili ya wezi."

Sabina alibaki kando ya begi mpaka vumbi likatulia kwenye mihogo. Hakuna aliyemwita akale.